Winchi ya injini iliyochakaa: kuifufua, kusimika miguu mitatu au kukodi? Ulinganisho kwa gereji za uani Tabora

Winchi ya injini ya haidroliki, ile yenye miguu miwili ya magurudumu, nguzo, mkono na jeki ndefu, huchakaa kwa mwendo uleule karibu kila gereji. Inaanza kulowa mafuta, kisha inashuka yenyewe ikiwa na mzigo, kisha inaegemezwa ukutani na kuku wanalala juu yake. Mwenye gereji ya uani pale Ipuli, Ng'ambo au Isevya anabaki na njia tatu: kuifufua, kuiacha na kusimika miguu mitatu ya bomba yenye cheni bloku (kifaa cha kunyanyulia kwa kuvuta mnyororo kwa mkono), au kukodi winchi ya wenzake siku injini inapotoka na siku inaporudi. Kununua mpya ni njia ya nne, nayo tutaipitia kwa ufupi, kwa sababu hoja zake nyingi ni zilezile za kufufua.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na kwenye winchi mara nyingi ni kweli. Lakini kosa linaloharibu uamuzi huu ni kuanza na mafuta yanayovuja. Mafuta yanaonekana, ndiyo maana yanatisha. Jeki inayovuja hukupa onyo: mzigo unazama taratibu, unauona, unaingiza gogo chini yake. Chuma kilichopasuka kwenye mshono hakitoi onyo lolote. Kwa hiyo kagua chuma kwanza, jeki baadaye. Chuma kikiwa kibovu, hakuna haja hata ya kufungua jeki.

Mambo ya kupimia

Uzito wa injini unazozishika kweli. Injini ndogo ya petroli ya lita 1.5, kama zile za IST na Corolla, ina takriban kilo 100. Dizeli ya Hiace na Hilux, zile zenye alama ya 3L au 5L, huvuka kilo 200. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita na lita 4.2, huvuka kilo 300 kabla hujaongeza giaboksi. Ukiitoa injini pamoja na giaboksi, ongeza kilo 40 hadi 100 kulingana na gari.

Ardhi. Hapa ndipo ushauri wa vitabu vingi unapogongana na Tabora. Udongo wa mji huu kwa sehemu kubwa ni mchanga, na gurudumu dogo la winchi huzama kwenye mchanga kama kisigino.

Namna mzigo unavyoshushwa. Kutoa injini ni nusu ya kazi. Kuirudisha, shafti ya giaboksi iingie kwenye klachi bila kulazimishwa, kunahitaji kushusha milimita mbili na kusimama hapo.

Kinachotengenezeka hapahapa mjini, na kinachongoja mzigo wa kutoka Mwanza au Dar.

Mwisho, idadi ya injini kwa mwaka. Mbili na ishirini hazina jibu moja.

Njia ya kwanza: kuifufua winchi

Uzito. Winchi ya tani 2 haibebi tani 2 kila inaponyooshwa. Kwa kawaida mkono wake una matundu manne: ukiwa mfupi kabisa ni tani 2, kisha tani 1.5, kisha tani 1, na ukitolewa wote ni nusu tani tu. Kwa gari lenye pua ndefu utalazimika kuutoa mkono karibu wote, kwa hiyo namba inayokuhusu ni ile ndogo. Hesabu yenyewe ni ya wenzo. Tuseme mkono ni mita 1.5 kutoka pini kuu, ile inayoushika mkono juu ya nguzo, hadi kulabu, na jeki inasukuma sentimita 40 kutoka pini hiyo. Injini ya kilo 250 inaidai jeki karibu kilo 940, na zaidi kidogo kwa kuwa jeki imesimama mshazari. Pini kuu nayo inavutwa kwa karibu kilo 700 au zaidi. Ndiyo maana matundu ya pini huliwa mapema kuliko sehemu nyingine.

Ukaguzi wa chuma. Kwaruza rangi kwenye mishono kwa brashi ya waya: mguu wa nguzo, masikio ya jeki juu na chini, pini kuu, matundu ya mkono wa ndani, na maungo ya miguu inayokunjwa. Paka mafuta ya taa, acha dakika 15, futa hadi pakauke, kisha pakaza unga wa chaki. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Njia hii ni ya bei ya kipande cha chaki na inaonyesha nyufa ambazo jicho halizioni.

Chomoa pini zote. Pini ya milimita 16 ikicheza zaidi ya milimita 1.5 ndani ya tundu, tundu limekuwa yai. Usilijaze kwa kuchomelea na kulitoboa upya tu, kwa sababu chuma chembamba kilichojazwa hivyo hupasuka pembeni. Kata washa nene mbili za chuma cha milimita 8, zitoboe kwa kipimo cha pini, zipange kwa pini yenyewe ili zikae mstari mmoja, kisha zichomelee kuzunguka pande zote mbili za sikio.

Ukikuta pini ya kipande cha nondo, itupe. Nondo ina mikunjo, hivyo hushika tundu kwenye vilele tu, nayo hupinda mapema. Weka bolti ya daraja la 8.8, namba hiyo husomeka kichwani, yenye sehemu laini ndefu ya kutosha ili uzi usikae ndani ya tundu.

Ufa mfupi kwenye mshono wa sikio hutengenezeka: toboa tundu la milimita 3 au 4 kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia, chimba mfereji kwa grenda, chomelea, kisha pigilia kiraka. Ncha za kiraka zichongwe mshazari. Kiraka kinachoishia mkato mnyoofu kinaanzisha ufa mwingine palepale kinapoishia. Ufa unaozunguka mguu wa nguzo, au mkono uliopinda, ni habari nyingine. Chuma kilichopinda kwa mzigo kimeshanyooka kupita uwezo wake, na ukikinyoosha kwa moto kinalegea zaidi. Hapo njia ya kwanza imefungwa. Ruka usome ya pili.

Jeki. Kabla ya kufungua, isome kwanza. Nyanyua mzigo mdogo, acha mpini wa kupampia umechomekwa, na utazame. Mpini ukipanda wenyewe huku mzigo ukizama, gololi ya kutolea mafuta haikai vizuri kwenye kiti chake. Mpini ukitulia lakini mzigo unazama, tatizo ni skrubu ya kuachia, ile inayofunguliwa ili mzigo ushuke, au sili kubwa ya pistoni. Ukipampu na mpini ukashuka bila kunyanyua chochote, ni gololi ya kuvutia mafuta, au mafuta yamepungua. Jeki inayodunda kama sponji ina hewa. Mafuta yanayotoka juu kandokando ya fimbo ni sili ya juu, na hiyo ndiyo rahisi kuliko zote.

Kufungua kunafuata mpangilio huu. Shusha kabisa, legeza skrubu ya kuachia, toa jeki, mwaga mafuta kwenye beseni safi uone kama yana chembe za chuma au maji. Ibane kwenye jiliwa kwa kitako chake, usiibane kwenye mwili kwani bomba lake hubonyea. Nati kubwa ya juu hufunguliwa kwa paipu renchi. Ikigoma, ipashe joto kidogo baada ya mafuta yote kutoka, wala usiigonge kwa tindo. Vuta fimbo na pistoni. Gololi zitoe kwa sumaku, moja baada ya nyingine, na uziweke kwenye vifuniko tofauti vyenye namba kwa sababu hazina ukubwa mmoja na springi zake hazibadilishani. Kuna skrubu moja iliyofunikwa kwa rangi au risasi: hiyo ni valvu ya kuzuia mzigo kupita kiasi. Usiiguse. Mtu akiikaza ili jeki "ipate nguvu" anaiondolea winchi ulinzi wa mwisho ilionao.

Tazama fimbo kwenye mwanga. Kutu ya juujuu hutoka kwa msasa laini wa namba 600 uliolowa mafuta. Mashimo yanayokwaruza ukucha hayaponi. Sili mpya itachanika ndani ya wiki chache. Fimbo ya namna hiyo hupelekwa kwa fundi wa mashine ya kukereza akachonge nyingine, na hapo linganisha bei yake na jeki ndefu nzima ya tani 8, ambayo huuzwa peke yake na huingia kwenye winchi nyingi za tani 2 ukipima urefu ikiwa imefungwa, urefu ikiwa wazi, na vipenyo vya matundu ya pini. Mara nyingi jeki nzima inashinda.

Sili hupimwa kwa namba tatu: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na kimo. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, maana sili iliyozeeka huwa imevimba au kusinyaa, hivyo pima pia mfereji inamokaa. Sili yenye umbo la kikombe mdomo wake hutazama kule mafuta yanakosukuma. Ukiigeuza, jeki haitanyanyua kitu, na utadhani umeuziwa sili mbovu. Kama gololi haizibi, safisha kiti, rudisha gololi, weka juu yake kipande cha shaba na ugonge mara moja kwa nyundo ndogo. Gololi hujichongea kiti kipya. Kisha iweke gololi mpya ya kipimo kilekile.

Mafuta ni ya haidroliki, daraja 22 au 32. Mafuta ya breki usiyatie hata tone: hula mpira wa sili za jeki, zikavimba na kulainika kama ubani. Oili ya injini hufanya kazi kwa shida asubuhi ya baridi ya Juni na ina sabuni zinazoshikilia maji. Jaza jeki ikiwa wima na fimbo imezama yote, hadi mafuta yaguse ukingo wa chini wa tundu. Ukizidisha, fimbo haitarudi chini yote au kizibo kitaruka. Toa hewa: skrubu ya kuachia ikiwa wazi, pampu mara 15 hadi 20, funga, pandisha hadi juu, shusha, rudia mara tatu.

Jaribio. Mpaka hapa hujui kitu. Jaribio ndilo linalosema. Ning'iniza pipa tupu la lita 200 sentimita 10 juu ya ardhi, kisha lijaze maji kwa mpira likiwa palepale. Mzigo unaongezeka polepole hadi kama kilo 220 bila mtu kukaa karibu. Funga uzi kwenye fimbo pale inapotokea na usubiri dakika 30. Pima kwenye fimbo, si kwenye kulabu: kwa wenzo ule wa juu, milimita 2 za fimbo ni zaidi ya milimita 7 kwenye kulabu. Ikizama zaidi ya milimita 2 au 3, fungua tena. Kwa anayeshika 1HZ, maji hayatoshi. Mchanga mkavu, ambao Tabora haujawahi kuadimika, ujaze pipa hilohilo na utapata zaidi ya kilo 300. Pipa la mchanga lisishikwe kwa mdomo wake. Lipitishiwe mikanda msalaba kwa chini. Baada ya kushusha, rudia chaki kwenye mishono yote.

Ardhi. Winchi ya magurudumu inataka sakafu ngumu. Bila zege, laza plaiwudi ya milimita 18: karatasi moja ya mita 2.44 kwa 1.22 ikipasuliwa kwa urefu inatoa njia mbili za sentimita 61, moja kwa kila mguu. Badilisha magurudumu ya plastiki yaliyopasuka kwa ya chuma ya inchi 4. Na injini ikishatoka mdomoni mwa gari, ishushe hadi sentimita 15 kutoka chini kabla ya kusukuma chochote. Winchi nyingi zinazopinduka hupinduka zikisukumwa na injini ikiwa juu, gurudumu moja likagonga jiwe. (Wasomaji wa Kigoma wenye uani wa mteremko, kama ilivyo sehemu kubwa ya mji ule, waongeze kabari mbili kwa kila mguu. Winchi yenye mzigo haihitaji mwinuko mkubwa ili ianze safari yake yenyewe.)

Kushusha. Hapa ndipo winchi ya haidroliki ilipo dhaifu. Skrubu ya kuachia iliyozeeka haina katikati: haishuki, haishuki, kisha inaanguka sentimita tano. Ukiwa umefungua jeki, angalia ncha ya skrubu hiyo. Ikiwa na mkwaruzo wa duara, ikerezwe upya.

Inamfaa nani? Mwenye chuma kizima, sakafu ya zege au mbao za kutandika, na injini za kutosha mwaka mzima. Inamfaa pia mwenye nafasi finyu, kwa kuwa hujikunja.

Njia ya pili: miguu mitatu na cheni bloku

Uzito. Miguu mitatu husimama imara hata ardhi isipokuwa sawa, kwa sababu ileile mafiga ni matatu. Bomba la inchi 2 la ukuta mnene, milimita 3.6 hivi, la urefu wa mita 3 hadi 4, hubeba injini yoyote ya gari dogo au Land Cruiser na kubaki na nguvu nyingi. Udhaifu wake hauko kwenye bomba, uko miguuni. Kwa mzigo wa kilo 300, mguu uliotanuka nyuzi 20 kutoka wima husukuma nje kama kilo 36. Ukitanuka nyuzi 30, kilo 58. Ukitanuka nyuzi 45, kilo 100. Kwa hiyo miguu yote mitatu ifungwe kwa mnyororo chini, kimo cha kifundo cha mguu, mnyororo ukazwe kabla ya kunyanyua. Anayetegemea ardhi ishike miguu, na ardhi yenyewe ni mchanga, atauona mguu ukiteleza injini ikiwa hewani.

Vipimo. Bomba huuzwa mita 6, hivyo mabomba mawili hutoa vipande vinne vya mita 3. Ukiisimika ili kila mguu uwe mita 1.2 kutoka katikati, nafasi kati ya mguu na mguu ni kama mita 2.08, gari dogo linapita, na kilele kinafika mita 2.75. Ondoa kimo cha cheni bloku yenyewe na mikanda, injini ya IST inavuka pua ya gari. Kwa Land Cruiser hapatoshi. Kata mita 3.5 au zaidi, la sivyo utavua grili na rejeta na bado utabanwa. Kilele kiwe bolti moja ya milimita 20 ya daraja la 8.8 inayopita kwenye masikio yaliyochomelewa, na cheni bloku ining'inie kwa shakeli iliyofungwa kwenye bolti hiyo. Isining'inie kwa waya.

Chini ya kila mguu weka kipande cha pleti cha sentimita 25 kwa 25, au gogo pana la mninga. Uking'ang'ania boriti ya mbao badala ya bomba, ukague mchwa kwa kuichoma kwa bisibisi kila kabla ya kazi. Na tawi la mwembe, ingawa miembe imejaa mji mzima na kivuli chake ndicho gereji ya wengi, si nguzo ya kunyanyulia. Mti wa mwembe hukatika ghafla na kwa ndani huweza kuwa umeoza huku gome likiwa zima. Kenchi za nyumba nazo zimejengwa kubeba mabati.

Ukaguzi wa cheni bloku. Wakati wa kupandisha unapaswa kusikia tak-tak ya ulimi ukidonoa meno. Ukimya una maana ulimi umekwama, na breki yake haishiki. Nyanyua mzigo sentimita 20, achia mnyororo wa mkono, na utazame dakika 10: usizame hata kidogo. Ukizama, sahani za breki zimelika au zimepata grisi. Hilo la grisi hutokea sana kwa nia njema: mtu anafungua kifuniko na kupaka kila kitu. Gia hupakwa, sahani za breki huwa kavu, isipokuwa mtengenezaji ameandika vinginevyo. Zilizolowa zioshwe kwa petroli mahali pasipo na moto, zikaushwe, na zikiwa nyembamba zibadilishwe.

Pima pingili ya mnyororo wa mzigo pale inapogusana na mwenzake: ikiwa imepungua sehemu ya kumi ya unene wake, mnyororo umekwisha. Usiuchomelee na usiunge pingili ya kufuli. Kulabu iliyofunguka mdomo au kujipinda haigongwi ikarudi, inabadilishwa. Na ulimi wake wa springi uwepo. Mtu mmoja avute mnyororo wa mkono. Ikihitajika nguvu ya watu wawili, ama mzigo umezidi ama kuna bolti ya mauntini (vishikizo vya injini kwenye gari) hujafungua, na hilo la pili ndilo la kawaida zaidi. Simama, zama chini, tazama.

Ardhi. Hapa njia ya pili inashinda Tabora, kwa kuwa haina magurudumu. Lakini haisogei. Injini inabaki inaning'inia na gari ndilo linalorudishwa nyuma, hivyo gari liwe na matairi yenye upepo, breki iachie, na njia ya mbao iwe imetandikwa nyuma yake kabla hujaanza. Watu watatu wanatosha kwa gari dogo.

Kushusha. Hakuna kifaa cha gereji ya uani kinachoikaribia. Unavuta pingili moja, injini inashuka kidogo sana, inasimama. Kwa kuunganisha injini na giaboksi iliyobaki ndani ya gari, tofauti hii inaokoa sahani ya klachi na beringi ya shafti.

Matengenezo. Fundi yeyote wa kuchomelea mjini anaweza kuitengeneza miguu. Cheni bloku yenyewe, hapana. Ikifa ndani hununuliwa nyingine, na ukinunua chagua ya tani 1 yenye kibati kinachosomeka uwezo wake.

Inamfaa nani? Mwenye uani mpana wa mchanga, anayefanya kazi wazi nje, na anayeshika zaidi dizeli nzito. Haimfai anayefanya kazi chini ya paa fupi. Masika yakianza, kazi ya nje nayo inangoja.

Njia ya tatu: kukodi

Uzito na chuma. Winchi ya kukodi huijui, na imepita mikono mingi. Ikague kama ya kwako: pini, chaki kwenye mishono, pipa la maji. Mwenye nayo akikataa isijaribiwe, mshukuru na uondoke.

Ardhi na kushusha havina jipya: ni winchi ileile ya haidroliki, na mchanga ni uleule.

Gharama ndipo penye ujanja. Injini ikishafunguliwa, ringi, beringi au gasketi huweza kuchukua siku nyingi kufika kutoka Mwanza au Dar. Anayekodi kwa kipindi chote hicho analipia winchi iliyolala. Kodi siku mbili tu zilizotengana: ya kutoa na ya kurudisha. Kabla ya siku ya kwanza, fungua kila kitu kinachofunguka bila winchi, yaani rejeta, nyaya, mabomba, ekzosi, bolti zote za mauntini isipokuwa moja kwa kila upande, ili winchi ikifika ifanye kazi saa moja na kuondoka. Winchi ina kilo 70 hadi 90, inakunjwa na kubebwa kwa guta. Mkubaliane mapema jeki ikivuja mkononi mwako nani anatengeneza.

Inamfaa nani? Mwenye gari lake mwenyewe, au gereji inayotoa injini mara moja moja.

Na mpya?

Winchi mpya inaondoa shaka ya nyufa, haiondoi mchanga wala skrubu isiyo na katikati. Ukinunua, angalia kama sili zake zinapatikana zenyewe, fungua kizibo uone mafuta yapo, na ijaribu kwa pipa kabla risiti haijakauka wino. Mishono ya winchi mpya za bei ya chini inahitaji chaki pia.

Kinachobaki palepale kwa njia zote

Mikanda au minyororo miwili ya kushikia injini ikisimama wima, kila mmoja hubeba nusu ya mzigo. Ikitanuka hadi nyuzi 60 kati yake, kila mmoja hubeba asilimia 58. Nyuzi 90, asilimia 71. Nyuzi 120, kila mmoja hubeba mzigo wote. Hivyo funga mirefu, isikae karibu kulala. Bolti za kufungia kwenye silinda hedi ya alumini ziingie angalau mara moja na nusu ya kipenyo chake: bolti ya milimita 10 iingie milimita 15 au zaidi. Mnyororo wa kufungia ng'ombe au geti si wa kunyanyulia.

Mtu asiingize mkono wala kichwa chini ya injini inayoning'inia. Kwa gereji ya nyumbani hili lina uzito wa pekee, maana watoto wa nyumba wanapita hapohapo kwenda bombani. Zungushia kamba, mita tatu kila upande, na mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia kamba hiyo. Gereji ikishaajiri watu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inaihusu pia.

Chagua kwa hali yako

Chaki imeonyesha mguu wa nguzo umepasuka, au mkono umepinda: usifufue. Chomoa jeki, iuze au itumie kwingine, na uende kwenye miguu mitatu ikiwa injini ni nyingi, kukodi ikiwa ni chache.

Chuma ni kizima, tatizo ni mafuta, una zege: fufua. Fimbo ikiwa na mashimo, nunua jeki nzima ya tani 8 badala ya kuhangaika na sili.

Chuma ni kizima lakini uani ni mchanga mtupu: pima kwanza bei ya plaiwudi na magurudumu ya chuma ukiijumlisha na sili. Ikikaribia bei ya mabomba mawili na cheni bloku ya tani 1, miguu mitatu itakutumikia vizuri zaidi mahali hapo.

Kazi yako kubwa ni Land Cruiser na Hilux za dizeli, na giaboksi hubaki ndani ya gari: miguu mitatu ya mita 3.5, hata kama winchi yako ni nzima. Winchi iache kwa injini ndogo.

Unafanyia kazi ndani ya kibanda cha paa la mita 2.4: miguu mitatu haisimami humo. Fufua au kodi.

Una gari moja na injini moja ya kutengeneza: kodi siku mbili, na siku ya kwanza pipa la maji liwe limeshasimama uani kabla guta halijafika.